Unaondoka, Shamba Unamwachia Nani?

Kwa kijana wa Liparamba, nchi ya kigeni iko karibu kuliko Dodoma. Kata hii ya Wilaya ya Nyasa, iliyokuwa sehemu ya Mbinga kabla wilaya hiyo haijamegwa, imekaa pembezoni kabisa mwa Mkoa wa Ruvuma. Magharibi yake kuna Ziwa Nyasa, mashariki Mto Ruvuma, na kusini Jimbo la Niassa la Msumbiji, ambako watu wana undugu na wenzao wa huku na huitana shemeji na mjomba kabla ya kuulizana vitambulisho. Mahali kama hapa swali la kuihama nchi halisubiri mtu apate shahada au viza. Linakuja na vijana wanaovuka kwenda kwenye dhahabu ya Lupilichi, wilayani Lago. Linakuja na habari za rubi za Montepuez, na simu ya binamu aliyeko Durban, na wakala anayepita kutafuta mabinti wa kazi za ndani Oman. Kila linapomfikia mtu, familia nzima hukaa kikao, na aliyeitwa hulazimika kujibu: naenda au nabaki?

Majibu yanayosikika hadharani ni ya aina mbili. Wapo wanaomhubiria kijana uzalendo, kwamba nchi hujengwa na wenye nchi na kwamba anayekimbia taabu za kwao ameikana jasho la wazazi wake. Na wapo wanaomwonyesha picha za simu, gari na nyumba ya bati jipya, na kumwambia kwamba anayebaki ni mwoga. Pande zote mbili zinaangalia kule anakokwenda, moja kwa kukulaani na nyingine kwa kukusifia. Mimi nashikilia kwamba macho yanapaswa kuelekezwa huku anakotoka. Safari ya kutafuta maisha ipimwe kwanza kwa swali la shamba: je, anayeondoka anabaki na njia ya kurudi iliyo mikononi mwake mwenyewe? Akiwa nayo, hata safari mbaya haitammaliza. Akiwa hana, hata mshahara mnono unamweka chini ya huruma ya mtu mwingine. Historia ya kona hii ya nchi, kuanzia Litembo hadi Mbamba Bay, inatoa ushahidi wa kutosha kwa hoja hiyo, na pia inatoa pingamizi ambazo ni lazima zijibiwe.

Tuanze kwa kuondoa lawama. Hakuna kabila katika eneo hili linaloweza kudai kwamba kuhama ni usaliti, kwa sababu wote wamefika kwa kuhama. Wangoni walitoka kusini mwa Afrika wakavuka Zambezi mwezi Novemba 1835 chini ya Zwangendaba, na vizazi vyao ndivyo vilivyoishika Songea. Wamatengo walibanwa na vita vya karne hiyo ya 19 hadi wakajificha kwenye milima mikali, na ule ubanwaji ndio uliowafanya waukamilishe ustadi wa kulima miteremko ambayo mtu mwingine angeiacha kwa nyani. Wanyasa na Wampoto wa mwambao wamekuwa wakivuka ziwa kwenda na kurudi tangu kabla mzungu yeyote hajachora mpaka. Anayemwambia kijana wa hapa kwamba babu zake walikaa mahali pamoja anamdanganya.

Lakini walihamaje? Hapo ndipo pa kutazama kwa karibu, na mfano ulio bora ni ngoro za Wamatengo. Mvua zinapokaribia kupungua, kwenye mwezi Machi, wanaume hufyeka majani kwenye mteremko kwa nyengo na kuyaacha yakauke. Kisha huyalaza kwa mistari inayokatana, mingine ikishuka na mteremko, mingine ikiukata, mpaka mlima mzima unajaa miraba. Wanawake hufuata na majembe, wakichimba udongo wa katikati ya kila mraba na kuufukia juu ya majani. Kinachobaki ni mashimo mamia kwa mamia yaliyozungukwa na matuta. Maharage hupandwa juu ya matuta, mahindi huja msimu unaofuata, mvua ikipiga maji hutulia kwenye mashimo badala ya kuubeba udongo, na majani yaliyozikwa huoza na kuwa mbolea. Kazi hii haimalizwi na mtu mmoja, na haidumu bila mtu. Ngoro zisipogeuzwa kila baada ya misimu michache, mashimo hujaa, matuta hubomoka, na mteremko huanza kuporomoka.

Watu wenye kilimo cha aina hiyo hawawezi kuhama hovyo. Ardhi ya Litembo na vijiji vya juu ilipowabana katika karne ya 20, wale wa koo zenye vijana wengi walianza kushuka kwenda kwenye misitu ya miombo iliyokuwa na watu wachache, wakafungua mashamba mapya. Hawakung'oa mibuni ya baba. Ntambo, yaani ule mteremko kati ya vijito viwili unaoshikiliwa na ukoo mmoja, ulibaki na wenyewe. Ndugu mmoja alikaa, mwingine alishuka, na kwa miaka kadhaa aliyeshuka aliendelea kula kutoka juu wakati shamba jipya halijakubali. Wengine huko chini kulikataa wakapanda tena mlima, na hawakuhitaji kumwomba mtu ruhusa. Naona katika utaratibu huo busara kubwa kuliko hotuba nyingi za siku hizi kuhusu uthubutu wa vijana. Uthubutu ulikuwapo, tena mwingi, kwa sababu kushindwa hakukuwa kifo.

Ukoloni ulileta aina nyingine ya kuondoka, na hapa hoja yangu inakutana na pingamizi lake zito la kwanza. Wanaume wa Songea na Mbinga walichukuliwa kwa maelfu kwenda kulima mkonge Tanga na Morogoro, wengi wao wakiandikishwa kupitia SILABU, ofisi ya kuajiri ya wenye mashamba ya mkonge iliyoundwa mwaka 1944. Hao ndio manamba, waliohesabiwa siku zao za kazi kwenye kipande. Wengine, hasa kutoka Nyasaland, yaani Malawi ya leo, na nyanda za kusini za Tanganyika, walijiandikisha kwa wakala wa ajira WENELA na kupelekwa kwenye migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini. Kwa wale wa Nyasaland, sehemu ya mshahara iliwekwa akiba na kulipwa baada ya mtu kufika kwao. Kila mkataba ulikuwa na mwisho, na nauli ya kurudi ilihesabiwa tangu mwanzo. Msomaji makini atauliza: je, hiyo siyo njia ya kurudi ninayoisifia? Na kama ndiyo, mbona ndiyo iliyomnyonya mfanyakazi kuliko kitu kingine chochote?

Pingamizi hilo ni la kweli kwa nusu. Mgodi ulipenda mtu arudi kwao kwa sababu ya hesabu zake wenyewe. Mtu ambaye mke wake analima kijijini analipwa mshahara wa kumtosha yeye peke yake. Watoto wanalelewa kijijini, akiugua kifua kwa vumbi la mgodi anauguzwa kijijini, na akizeeka anazikwa kijijini bila senti moja ya kampuni. Jembe la mwanamke wa Liuli lilikuwa linachangia faida ya Johannesburg. Ila tuangalie nani alishika ufunguo. Mchimbaji hakuamua lini arudi, wala hakuwa na ruhusa ya kumleta mkewe, wala hakushika akiba yake mwenyewe. Tanganyika ilipopata uhuru serikali ilifunga mlango wa WENELA. Ndege iliyobeba wachimbaji wa Kimalawi ilipoanguka Francistown Aprili 1974 na kuua zaidi ya watu 70, Rais Banda wa Malawi alisimamisha uandikishaji, na idadi ya Wamalawi migodini, iliyokuwa zaidi ya laki moja, iliporomoka ndani ya muda mfupi sana. Watu wote hao walirudi kwa amri. Wengi wasiokuwa na ardhi ya kuwatosha waliishia kuwa vibarua na wapangaji kwenye mashamba makubwa ya tumbaku nchini mwao. Kurudi kwa lazima na kurudi kwa hiari ni vitu viwili, na kinachovitofautisha ni kama kuna kitu kinachokungoja ambacho ni chako.

Mfano wa upande wa pili ulipita hapa hapa. Vita vya ukombozi wa Msumbiji vilipoanza Septemba 1964, watu wa Niassa na Cabo Delgado walivuka Ruvuma kwa maelfu, na baadhi yao wakawekwa kwenye makazi ya Lundo, upande wa ziwa, na Muhukuru, upande wa Songea. Hawa hawakuchagua kuondoka, kwa hiyo mtu asije akadhani ninawapimia kipimo cha wachimba rubi. Walikimbia mabomu. Ila namna walivyorudi inafundisha. Msumbiji ikawa huru tarehe 25 Juni 1975, wengi wakarudi. Vita vya waasi wa Renamo vikawafukuza tena wengine. Na baada ya mkataba wa amani uliotiwa saini Roma tarehe 4 Oktoba 1992, watu wapatao milioni 1.7 walirudi Msumbiji kutoka nchi jirani katika miaka michache, wengi zaidi wakitokea Malawi. Ulikuwa urejeaji mkubwa kuliko mwingine wowote Afrika ilikuwa imeushuhudia, na ulifanyika kwa sehemu kubwa bila ugomvi wa ardhi wa kutisha. Sababu mojawapo ni kwamba ardhi ya Msumbiji ni ya dola na haiuzwi. Mtu aliyekimbia hakuwa ameuza, na aliyebaki hakuwa amenunua. Wazee walijua nani alilima wapi, na Sheria ya Ardhi ya 1997 ikaja kuukubali ushahidi wao wa mdomo kama haki halali. Mkimbizi, ambaye kwa kawaida tunamhesabu kuwa mtu aliyepoteza kila kitu, katika jambo hili alikuwa na kitu ambacho vijana wengi wanaoondoka leo kwa hiari yao hawana.

Waangalie wale wa Montepuez. Rubi ziligunduliwa huko mwaka 2009, na habari ikavuka mto haraka kuliko gazeti lolote. Watanzania wengi walikwenda, wengine kuchimba, wengine kuuza vyakula, nguo na simu kwenye machimbo. Mapema mwaka 2017 vyombo vya usalama vya Msumbiji viliwaondoa maelfu ya wageni, Watanzania wakiwa wengi kati yao, na waliofika mpakani walieleza kwamba mali zao zilibaki au zilichukuliwa. Wengi walikuwa wamefanya kazi kwa bidii na kwa akili, na kosa lao kubwa mbele ya wenyeji lilikuwa kukosa karatasi. Miezi michache baadaye, Oktoba 2017, waasi wakaanza mashambulizi Mocímboa da Praia, na kaskazini yote ya Cabo Delgado ikageuka mahali pa hatari kwa mwenyeji na mgeni. Afrika Kusini nako, ambako Mtanzania anaingia bila viza kwa siku 90 na wengi hubaki zaidi ya hapo, mashambulizi dhidi ya wageni yalizuka Mei 2008 na kuua zaidi ya watu 60, yakarudi 2015, yakarudi tena 2019. Haya hayathibitishi kwamba Sauzi na Msumbiji ni kubaya. Yanathibitisha kwamba mlango wa kule unaweza kufungwa na mtu ambaye hujawahi kumwona, siku ambayo hukuipanga. Basi swali la nani anashika shamba halina budi kuulizwa siku ya kuondoka, wakati mtu bado ana nafasi ya kulijibu.

Sasa pingamizi la pili, ambalo mimi naliheshimu kuliko yote. Wataalamu wa uchumi Kathleen Beegle, Joachim De Weerdt na Stefan Dercon walifuatilia watu wa mkoani Kagera waliokuwa wamehojiwa mara ya kwanza kati ya 1991 na 1994, wakawatafuta tena mwaka 2004 popote walipokuwa. Walipowalinganisha watu waliotoka nyumba moja, waligundua kwamba matumizi ya waliohama kutoka jamii zao za awali yalikua kwa pointi 36 za asilimia zaidi ya ya wale waliobaki. Hiyo ni tofauti kubwa mno kwa kipindi cha miaka kumi na kidogo, na ni vigumu kuisingizia bahati, maana waliolinganishwa walianza pamoja, chini ya bati moja. Anayemshauri kijana abaki kwa sababu "hata hapa kuna fursa" anapaswa kuujibu kwanza utafiti huo. Mimi sina jibu la kuupinga, na sitafuti. Kuhama kunalipa. Tena utafiti uliofuata, juu ya watu wa Kagera hao hao, ulionyesha kwamba balaa likiwapata waliobaki, aliyehama hubeba sehemu ya mzigo. Likimpata aliyehama, waliobaki hawambebei. Kwa maneno mengine, yule anayetuma hela nyumbani kila mwezi akidhani anaweka akiba ya undugu asitegemee sana kwamba ndugu watamrudishia siku atakayoanguka.

Ndiyo maana nasema njia ya kurudi iwe mikononi mwa msafiri mwenyewe. Undugu tu hautoshi. Ahadi ya kaka kwamba "shamba lako tutaliangalia" si sawa na hati yenye jina lako. Mibuni inahitaji kupogolewa, kupigwa dawa ya chulebuni na kutu ya majani, kupaliliwa na kuwekewa mbolea. Ikiachwa misimu miwili mitatu inarudi porini, na kuipanda upya ni kusubiri miaka mitatu au minne kabla ya kuvuna chochote cha maana. Kwa hiyo kumwachia mtu shamba bila kumpa haki inayoeleweka juu ya mavuno ni kuliua taratibu, kwa sababu hakuna mtu anayepogolea kwa moyo mibuni ambayo hajui kahawa yake itakuwa ya nani. Makubaliano ya wazi, mavuno ni ya anayehudumia na ardhi ni ya aliyeondoka, yaliyoandikwa mbele ya mtendaji wa kijiji, ni bora kuliko machozi ya stendi.

Watanijibu kwamba haya ni maneno ya watu wenye chochote. Kijana wa mwisho katika nyumba ya watoto wanane, ambaye sehemu yake ya ntambo haitoshi hata ngoro ishirini, anaacha nini? Mkoa wa Ruvuma ulikuwa na watu wapatao milioni 1.38 katika sensa ya 2012, na wapatao milioni 1.85 katika sensa ya 2022. Milima haikuongezeka. Kwa kijana huyo kuondoka ni hesabu ya kawaida, na wala sitamshauri abaki. Ila ndiye hasa anayepaswa kuangalia anaondoka kwa fedha ya nani. Mbinga wanaijua vizuri biashara ya magoma: mwenye shida anakopa kwa kuuza kahawa ingali mbichi mtini, kwa bei ambayo ni sehemu ndogo ya ile atakayoipata mnunuzi msimu ukifika. Ni vile vile kama butura ya Kagera. Nauli inapotokana na magoma, mzazi amekwisha kuweka rehani msimu mzima, na aliyeondoka anafika kule akiwa na deni lisilosubiri mshahara wa kwanza. Hapo ndipo anapokubali kazi yoyote, mkataba wowote, shimo lolote. Maskini asiye na deni anaweza kukataa shimo linaloelekea kuporomoka, na uwezo huo wa kukataa ni mtaji hata kama hauonekani mfukoni.

Wapo pia wanaosema kwamba mwenye pa kurudi hatajituma, na kwamba afadhali mtu auze kila kitu ili asiwe na cha kutazama nyuma. Hoja hii ina mvuto kwa vijana, na mawakala wanaipenda kwa sababu zao. Lakini ushahidi tuliouona unaikataa. Wamatengo walioshuka kutoka Litembo walikuwa na pa kurudi na bado walifyeka msitu. Waliouza kila kitu wakaenda kwenye rubi walijituma vile vile, na mwaka 2017 walifukuzwa bila kuwa na shamba la kurudia. Bidii mtu huwa nayo au hana; umaskini wa kujitakia hauiongezi.

Kwa wanawake mizani hii ni nzito zaidi. Mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilichapisha ripoti juu ya wafanyakazi wa ndani wa Kitanzania walioko Oman na Falme za Kiarabu, ikaeleza pasipoti kushikwa na waajiri, saa za kazi zisizo na mwisho, mishahara isiyolipwa, vipigo na udhalilishaji wa kingono. Mzizi wa mambo hayo ni utaratibu wa kafala, unaofunga kibali cha mfanyakazi kwa mwajiri mmoja, hata akitoroka mateso anahesabiwa kuwa mkosaji. Huo ni mlango wa kurudi uliofungwa kwa kufuli halisi, pasipoti ndani ya droo ya mtu mwingine. Lakini binti huyo mara nyingi alikuwa amefungiwa mlango mwingine kabla hajapanda ndege. Kwa desturi za eneo letu mibuni ni mali ya mwanamume na hurithiwa na wana wa kiume. Binti hana ntambo. Ana ya baba leo na ya mume kesho, na ndoa ikivunjika hana yoyote. Familia inayomsifia kwa nyumba aliyoijenga kwa fedha za Muscat iangalie nyumba hiyo imejengwa kwenye kiwanja chenye jina la nani. Nyumba ya jasho lake ikiwa kwenye kiwanja cha kaka yake, atakaporudi atarudi mgeni, na wengi hurudi Oman kwa sababu hiyo hiyo.

Nisije nikaeleweka kwamba kubaki ndiko salama. Kubaki nako ni kamari. Mfumo wa kimataifa wa kugawana mauzo ya kahawa ulipovunjika Julai 1989, bei ilianguka. Soko lilipofunguliwa katika miaka ya 1990 na ushirika wa Mbinga kuyumba hadi kuanguka, waliokuwa wameweka matumaini yote kwenye mibuni waliachwa bila pembejeo wala mnunuzi wa kueleweka. Mwaka 2001 bei ya arabika duniani ilishuka chini ya senti 50 za dola kwa ratili. Mwezi Februari 2025 ilipita dola 4, rekodi ambayo ilikuwa haijawahi kuonekana. Kijana aliyeapa mwaka 2001 kwamba kahawa imekufa, akang'oa na kuondoka, alikuwa na kila sababu siku ile, na alikosea. Anayeapa leo kwamba kahawa ndiyo dhahabu na kumkataza mwanawe asiende popote anaweza kukosea vile vile. Nyumba inayoweza kuwa na mtu huku na mtu kule, wote wakiwa na haki inayojulikana juu ya shamba, inavumilia bei zote mbili.

Linabaki suala la wajibu kwa nchi, ambalo nimeliacha nyuma kwa makusudi kwa sababu linatumika kufunga mjadala. Ni kweli kwamba muuguzi anapoondoka hospitali ya wilaya kuna mama anayejifungua bila msaada. Shirika la Afya Duniani mwaka 2023 liliitaja Tanzania kati ya nchi 55 zenye upungufu mkubwa wa watumishi wa afya ambazo nchi tajiri hazitakiwi kwenda kuzifagilia watu wake. Wakati huo huo, Wakenya walioko nje walituma kwao karibu dola bilioni 5 mwaka 2024, na hakuna zao la Kenya linaloleta kiasi hicho. Ninachokiona ni kwamba nchi inafaidika na aliyeondoka kwa kadiri ile ile anavyobaki na njia ya kurudi. Anayejua kwamba ana kwao hutuma fedha ya kujenga, hurudi na ujuzi, hupiga simu kuuliza zahanati imefikia wapi. Aliyefungiwa mlango hutuma ya msiba, basi.

Na milango mingine tumeifunga sisi wenyewe kwa sheria. Chini ya Sheria ya Uraia ya 1995, mtu mzima anayechukua uraia wa nchi nyingine kwa hiari hupoteza wa Tanzania, na kwa kawaida asiye raia hawezi kumiliki ardhi isipokuwa kwa uwekezaji. Mwana wa Mbinga aliyechukua pasipoti ya Kanada ili asifukuzwe kazini anageuka mgeni kwenye kaburi la baba yake. Serikali imechagua kuwapa watu kama huyo hadhi maalumu badala ya uraia pacha. Nakubali kwamba ni hatua, lakini haki ya ardhi ya mtu haipaswi kugeuka kibali cha kuombwa.

Kwa Liparamba, ambako wanaovuka ni wa machimbo zaidi kuliko wa Kanada, kifungu kinachogusa maisha ya watu ni kingine. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, kifungu cha 45, inairuhusu halmashauri ya kijiji kuitangaza ardhi ya kimila kuwa imetelekezwa kama haijatumika kwa miaka isiyopungua mitano, au kama mwenyewe ameondoka nchini bila kumweka mtu wa kuisimamia na bila kuitaarifu halmashauri. Wengi wanaovuka hawajui kwamba kifungu hicho kipo. Hawajui pia kwamba kinawalinda endapo wataaga ipasavyo, kwa jina la msimamizi na barua ya mistari mitatu. Halmashauri za vijiji vya mpakani zingeweza kufungua daftari la wanaoondoka: nani ameondoka, shamba lipi, linahudumiwa na nani, mavuno ni ya nani, na jina la mke au la binti limo au halimo kwenye hati. Kazi hiyo haihitaji mfadhili. Inahitaji mtendaji mwenye kalamu, na mkutano mkuu wa kijiji utakaoyasoma majina hayo kila mwaka, yakiwemo ya wale ambao hawajapiga simu kwa muda mrefu.